Harusi ya Kitelugu ughaibuni: anza na dakika, ukumbi baadaye

Somo hili ni la wanaooa au kuolewa katika familia za Kitelugu, na la wenzangu wapambaji, wapishi na wasimamizi wa shughuli wanaoitwa kuzisaidia. Watelugu ni watu wa Andhra Pradesh na Telangana, majimbo mawili ya kusini mwa India yaliyotengana mwaka 2014. Nje ya kwao wamejaa Texas, New Jersey na California, na Ghuba wapo wengi. Mimi nasimamia shughuli upande wa Dallas, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku.

Harusi yao, pelli, inapimwa kutokana na dakika moja iitwayo muhurtham. Na dakika hiyo siyo ile ambayo wageni wengi wanaidhania. Nitaifikia.

Hatua ya kwanza: tarehe

Usilipe hata senti ya ukumbi kabla familia haijakaa na kuhani. Mwite Pantulugaru, ukimwita kwa jina tupu, wazee watakutazama vibaya. Yeye anasoma panchangam, kalenda ya mwezi na nyota, akilinganisha na nyota za kuzaliwa za maharusi.

Hapa ndipo likizo za ughaibuni zinapogongana na mila. Watu wa huku wanataka kuoana shule zikifungwa, Juni na Julai, au mwishoni mwa Desemba. Mwezi wa Ashadham, ambao ndoa hazifungwi, unaangukia humo humo katikati ya mwaka. Kuanzia katikati ya Desemba hadi sikukuu ya Sankranti, katikati ya Januari, wengi pia hawaoi. Kuna na moudhyam, siku ambazo Mshtarii au Zuhura imemezwa na mwanga wa jua, na kuna mwezi wa ziada unaoingizwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Tarehe zinazobaki zinagombewa na kila familia ya Kitelugu mjini, na kumbi za mahekalu ndizo zinazoisha mwanzo.

Sikiliza vizuri hapa. Kuna watu wanaopewa saa na kuhani wa Hyderabad, India, halafu wanatoa saa kumi na nusu kupata saa ya Texas. Haifai. Muhurtham unafuata lagnam, yaani kundi la nyota linalochomoza mashariki mahali unapofungia ndoa, na hilo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Hesabu ifanywe kwa mji wenyewe wa harusi. Mwambie Pantulugaru pia mapema kwamba ukumbi unafungwa saa sita usiku. Kwao muhurtham wa saa nane usiku si kioja, na wageni watakesha; meneja wa hoteli ya Dallas hatakesha. Pantulugaru akijua hilo, atatafuta wa asubuhi au mchana.

Hatua ya pili: karatasi za serikali

Fupi tu. Mantra, maneno ya ibada, haziondoi haja ya cheti. Texas unachukua leseni kwa karani wa kaunti, unasubiri saa 72, na ukikaa zaidi ya siku 90 bila kufunga ndoa leseni imekufa. Pantulugaru aisaini, na mtu mmoja mwenye akili timamu akabidhiwe kuirudisha. Asiwe bwana harusi.

Hatua ya tatu: watu wenye kazi

Mtu muhimu kuliko MC ni mjomba wa bibi harusi, kaka wa mama. Yeye ndiye huleta bibi harusi madhabahuni, na katika familia nyingi humbeba akiwa amekaa ndani ya kapu kubwa la mianzi. Kama yuko India na anahitaji viza, maombi yake yaanze kabla hujachapa kadi. Viza ikikwama, familia ichague binamu wa mama mapema, tena wajaribu kulibeba hilo kapu kabla ya siku yenyewe. Bibi harusi wa leo na dhahabu zake si mwepesi.

Wazazi wa bibi harusi nao watakuwa jukwaani muda mrefu, kwa sababu ndio wanaomwosha miguu bwana harusi na kumkabidhi binti katika kanyadanam. Usimpe baba yake kazi ya kupokea wageni.

Hatua ya nne: vitu

Orodha ataitoa Pantulugaru: manjano, kumkuma ya kupaka kwenye paji la uso, nazi, tambuu, popoo, samli, jira, sukari guru, mchele, ndizi, maua. Karibu vyote vinapatikana maduka ya Kihindi. Usimwambie bibi mzaa wa maharusi abebe mchele na majani ya mwembe kwenye sanduku kutoka Vijayawada, mji wa Andhra Pradesh. Forodha ya Marekani inakataza abiria kuleta mchele kutoka India kwa hofu ya wadudu wa nafaka, na mimea mibichi ndiyo kabisa. Anachoweza kubeba ni nguo na dhahabu: sari za hariri, madhuparkam, yaani nguo nyeupe za pamba zenye pindo jekundu, na mangalasutram yenyewe, mkufu ambao bwana harusi humfunga bibi harusi shingoni. Huo una visahani viwili vya dhahabu, kimoja kutoka kila familia, na siku ya ndoa hufungwa kwa uzi wa pamba uliopakwa manjano. Dhahabu isafiri kwenye mkoba wa mkononi.

Siku moja au zaidi kabla ya pelli kuna kupakwa manjano na kuogeshwa, bwana na bibi kila mmoja kwao. Aliyepigwa singo pwani hahitaji maelezo. Nunua taulo za bei rahisi, za hoteli usiziguse, manjano hayatoki.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Familia hutofautiana kidogo, na ya Telangana haitafanana kila kitu na ya Godavari, eneo la Andhra Pradesh, kwa hiyo mpangilio huu ukaguliwe na bibi wa upande wa mke. Kwa kawaida bwana harusi anapokewa na kufanya ibada ya mungu Ganesha. Bibi harusi peke yake anafanya ibada ya mungu wa kike Gauri, kisha mjomba anamleta. Kati yao wawili kunashikwa pazia. Wamekaa wakitazamana na hawaonani.

Dakika ya muhurtham ikifika, kila mmoja anaweka kwenye utosi wa mwenzake jira na sukari guru vilivyotwangwa pamoja, juu ya jani la tambuu. Hicho ndicho kitendo cha ndoa, jeelakarra bellam. Pazia linashushwa, nadaswaram (zumari ndefu) na ngoma za dolu zinalipuka kwa nguvu zote ili sauti yoyote ya mkosi, hata chafya, isisikike. Wapiga picha ambao hawajawahi kuifanya kazi hii huwa wanabadilisha betri wakati huo, wakisubiri kufungwa kwa mangalasutram. Kufungwa huko kunakuja baadaye, mafundo matatu, na kunapendeza kweli, lakini saa haiwekwi kwa ajili yake. Weka kamera mbili, moja kila upande wa pazia. Bandika saa kubwa mbele ya jukwaa. Na kama ukumbi una kikomo cha sauti, jadili dakika hizo tano kwenye mkataba.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Muhurtham ukiwa saa tano asubuhi, ibada zianze saa tatu, bwana harusi apokewe saa mbili na nusu, na bibi harusi aamke saa tisa usiku maana nywele zile zenye maua na mapambo ya dhahabu hazisukwi kwa dakika ishirini. Mpambaji akabidhi jukwaa usiku wa jana yake. Kwenye kadi andika muda wa mapema kwa nusu saa. Sisi na Watelugu katika hili ni ndugu.

Baada ya hapo mambo yanalegea. Maharusi hubadilisha kuvaa madhuparkam, bibi harusi hufungwa mangalasutram, kisha talambralu: wanamwagiana kichwani mchele uliochanganywa na manjano, kwa kushindana, ndugu wakishangilia. Tandika shuka nene chini. Mchele kwenye sakafu ya marumaru unateleza, na hoteli zitatoza usafi. Halafu kuna hatua saba, pete za vidole vya miguu, na kuoneshwa nyota ya Arundhati, ile ndogo iliyo karibu na nyota ya pili ya mkia wa Dubu Mkubwa. Saa saba mchana Pantulugaru ataonyesha dari la ukumbi na wote mtatazama. Usicheke.

Moto mtakatifu ndio unaoleta ugomvi na hoteli. Uliza kwa maandishi: je, mnaruhusu moto wa wazi ndani, nani anaomba kibali cha zimamoto, na vitambua moshi vitazimwa na nani? Wakijibu "tutaona", tafuta ukumbi mwingine au hekalu. Moto wenyewe unaweza kuwa mdogo, ndani ya chombo cha shaba juu ya trei ya mchanga.

Hatua ya sita: chakula

Mlo wa ndoa kwa familia nyingi hauna nyama; biriani inasubiri sherehe ya jioni. Kwenye jani la mgomba tarajia pulihora, wali wa ukwaju na manjano, achari ya embe iitwayo avakaya, na bobbatlu, mikate myembamba yenye dengu tamu ndani. Wali na mtindi huja mwisho. Mgeni akiondoka kabla ya mtindi, wenyeji watadhani hakushiba.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Nairobi: Mimi ni Mkristo, mchumba wangu ni Mtelugu. Pantulu akitufungisha, tumeoana kisheria Kenya?*
Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya Kihindu, lakini sehemu hiyo ni ya watu wa imani hiyo. Nyinyi fungeni ndoa ya serikali kwa Msajili kwanza, halafu pelli kwa raha zenu.

*Kutoka Dar es Salaam: Wazee wangu wanataka mshenga apeleke barua na kuuliza mahari. Tufanyeje?*
Muwahi kuliongea, tena wachumba wenyewe kwanza. Kwetu mali inatoka kwa mwanamume. Kwao, kwa desturi, katnam ilitoka kwa mke kwenda kwa mume, na sheria ya India ya 1961 imeipiga marufuku. Baba wa Kitelugu akisikia habari za malipo anaweza kudhani unamdai yeye. Mshenga aende, ila apeleke sari, matunda na tambuu, na aeleze kwamba hiyo ni heshima ya kwetu.

*Kutoka Muscat: Sisi ni Waislamu, tumealikwa na jirani. Tutalazimishwa kushiriki ibada?*
Hapana. Mgeni anakaa na kutazama. Wazee huenda wakawapa mchele wa manjano kuwarushia maharusi kama baraka. Ukishukuru na kuuweka pembeni hakuna atakayekuuliza.

*Kutoka Minneapolis: Pelli nzima ni saa nne au tano. Inaweza kufupishwa?*
Mwulize Pantulugaru, wengi wa huku wana toleo la saa mbili. Mkibana, jeelakarra bellam, mangalasutram, talambralu na hatua saba zibaki. Appaginthalu, pale wazazi wanapomkabidhi binti akiondoka, isiguswe pia, na MC azime kipaza sauti.

*Kutoka Birmingham: Nivae nini, na nitoe zawadi gani?*
Rangi yoyote kali, epuka nyeusi. Fedha ndani ya bahasha inatosha, ila isiishie na sifuri. Watelugu wanapenda 116, au 1,116 kwa aliyejaliwa. Kwa pauni 116 ni nyingi kwa jirani wa kawaida, basi toa 51. Andika jina lako juu ya bahasha, kuna shangazi mwenye daftari.