Kubadilisha geji na vifaa vya umeme kwenye boti ya mtumba

Ukinunua boti ya faiba ya mkononi hapa Tanga, usikimbilie kununua geji mpya. Mara nyingi geji ni nzima. Kilichokufa ni waya wa hasi, au waya wa nyumbani uliopachikwa kwa selotepu na kuliwa na chumvi mpaka shaba ikawa unga wa kijani. Ukifunga geji mpya juu ya waya huo, itadanganya kama ile ya zamani.

1. Pima kabla ya kung'oa

Piga picha nyuma ya dashibodi na uweke lebo kwenye kila waya. Washa swichi ya ufunguo, taa na pampu ya ngama (maji yanayojikusanya chini ndani ya boti), kisha pima volti kwenye betri na nyuma ya geji. Tofauti ikizidi volti 0.3, tatizo ni waya.

Geji ya mafuta ina tema (vichwa vya kuungia waya) tatu: I ni umeme wa ufunguo, G ni hasi, S inakwenda kwenye senda, yaani kifaa kinachopima mafuta ndani ya tangi. Chomoa waya wa S, tazama mshale, kisha gusisha S na G kwa kipande cha waya. Geji ya mfumo wa Marekani huonyesha tupu ukichomoa na tangi jaa ukigusisha. Ya Ulaya hufanya kinyume chake. Mshale usipotikisika kabisa na umeme upo, hapo ndipo geji imekufa.

2. Linganisha geji na senda

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Senda ya Marekani hutoa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Ya Ulaya hutoa takriban 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Ukizichanganya, geji itasoma kinyumenyume, na nahodha atakwama njiani kuelekea Pangani huku mshale ukimwambia tangi limejaa.

Zima umeme, pima omu kati ya waya wa S na hasi ukiwa kwenye dashibodi. Tangini kuna mvuke wa petroli, kwa hiyo usifungue senda bila sababu. Ukilazimika, chomoa betri kwanza na uache hewa ipite.

3. Waya mpya

Tumia waya wa nyuzi nyingi wa shaba iliyopakwa bati. Kwa geji moja moja, mm² 1.5 na fyuzi ya ampea 5 vinatosha. Waya mkuu kutoka betri iliyoko tezi (nyuma ya boti) usiupunguze unene: kwa mita 4 kwenda na 4 kurudi, ukibeba ampea 10, waya wa mm² 2.5 hupoteza karibu volti 0.56, wa mm² 6 hupoteza 0.23 tu. Weka fyuzi ya ampea 20 kwenye chanya, isizidi sentimita 18 kutoka betri. Pampu ya ngama ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Bana tema kwa koleo lake, kisha funika kwa mpira wa kupashwa moto wenye gundi ndani. Usizibe kwa silikoni yenye harufu ya siki. Asidi yake hula shaba.

4. Geji ya RPM

Kwenye mashine nyingi za Yamaha, waya wa kijani ni RPM (mizunguko ya mashine kwa dakika), njano ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni hasi. Nyuma ya geji kuna swichi ya idadi ya ncha za sumaku. Iweke kama kitabu cha mashine kinavyosema. Mashine ya ncha 12 ikiwekewa 6, geji itasoma mara mbili.

Mashine ya kuvuta kamba iangalie zaidi. Baadhi zina koili ya taa pekee, inayotoa umeme wa AC, wakati vifaa vya betri hutumia DC. Bila rektifaya yenye regyuleta, yaani kifaa cha kugeuza AC kuwa DC na kudhibiti volti, utaunguza skrini ya kipima kina au GPS.

5. Kipima kina, GPS na redio

Skrini ipe waya na fyuzi yake. Kichwa cha kipima kina kifungwe tezi, mbali na mapovu ya propela, uso wake ukishuka kidogo chini ya tumbo la boti. Waya wake usikatwe. Ukibaki mrefu, ukunje. Weka kipimo kwenye mita, halafu linganisha na bildi (kamba yenye timazi ya kupimia kina) ukiwa umetia nanga. Kumbuka ramani huandika kina cha maji yaliyokupwa, na hapa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hupanda zaidi ya mita 3.

Redio ya VHF ya wati 25 huvuta ampea 5 hadi 6 ukizungumza. Skrini ikijizima ukibonyeza, waya ni mwembamba. Spika iwe mbali na dira, maana sumaku yake huivuta. Leseni ya redio inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

6. Jaribio

Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, mashine ikiunguruma, 13.8 hadi 14.4. Zunguka kisiwa cha Toten vifaa vyote vikiwa vimewashwa, rudi, zima, kisha gusa kila tema kwa kidole. Iliyopata moto imebanwa vibaya. Ikate, uifunge upya.