Hesabu mpaka ishirini: kumpiga picha bata mzamiaji Momella

Picha zangu za kwanza za bata wazamiaji zilikuwa miduara ya maji tu, bata hayumo. Rafiki yangu mmoja alizipitia zote akauliza, "Kwani siku hizi unauza maji?" Nilikuwa nikifyatua nikimwona anainama, na akishainama umechelewa.

Kwangu mahali ni maziwa ya Momella, Hifadhi ya Taifa Arusha. Ukitoka mjini simama Tengeru, nunua kilo mbili za maharage, uyatie kwenye mfuko wa kitambaa na kuufunga vizuri. Huo ndio wa kulalia lenzi dirishani, na jioni ni mboga. Usa River unakata kushoto kwenda lango la Ngongongare. Oktoba mpaka Aprili ndipo bata huwa wengi, kwa sababu wageni wa kutoka kaskazini wamejiunga na wenyeji. Wahi asubuhi. Upepo ukishaanza, bata hupotea katikati ya viwimbi.

Mtafute makoa, ndiye bata mzamiaji ninayemsema hapa. Dume wa msimu wa kuzaliana ana mwili wa rangi ya udongo mwekundu, kichwa cheusi, na mdomo wa buluu kama umepakwa rangi jana.

Zima injini, baki garini. Gari wamelizoea, mtu akisimama wima wanaogelea kwenda katikati ya ziwa. Na usipigie kwenye paa lililo wazi, maana ukimtazama kutoka juu bata anakuwa kama kipande cha sabuni kinachoelea. Kaa chini, dirishani.

Sasa mwangalie. Kabla ya kuzamia hubana manyoya, mwili ukawa mwembamba na kushuka kidogo majini. Akitoweka, acha kufyatua, anza kuhesabu kimoyomoyo. Wengi niliowahesabu huibuka kwenye ishirini hivi. Kama unataka kusogeza gari, sogeza sasa, akiwa chini. Kumi na tano ikifika, jicho liwe kwenye kamera. Haibukii pale pale alipozamia, kwa hiyo lenzi yangu ya kuvuta, ya milimita 150-600, huirudisha kwenye 300 nipate uwanja mpana. Kasi ya kufyatua 1/1600 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande inavyotaka. Akichomoza, fyatua mfululizo: kwa sekunde moja au mbili matone yanateleza mgongoni kama shanga zilizokatika uzi, kisha basi, ni bata wa kawaida.

Maji yanayong'aa huidanganya kamera, kichwa cheusi kikatoka kama tundu. Ongeza mwanga kidogo kwenye mipangilio ya kamera.

Siku utakayomkuta dume anatamba, mkia juu, shingo imevimba, weka hesabu pembeni, maana kuzamia hana habari nako. Ila kama yuko karibu na matete, usisogee. Huenda jike ana kiota humo. Mimi nimewahi kugeuza gari pale nikarudi na maharage tu.