Mpini wa upinde wa kuunganisha: urefu na vipimo vya kuanzia

Ukivuta uzi zaidi ya inchi 28, achana na mpini (kipande cha katikati ambacho mikono ya upinde huunganishwa nacho) wa inchi 17. Chukua wa 19 au zaidi, upinde mzima ufike inchi 62 na kuendelea, la sivyo uzi utakubana vidole. Rangi ya mbao haipigi shabaha; angalia kishikio kinavyokaa kiganjani.

Ukishautia uzi, pima kutoka uzi hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio: anzia inchi 7.5. Upinde ukipiga kelele au uzi ukikuchapa mkono, vua uzi, uusokote mizunguko mitatu minne zaidi, pima tena. Alama ya kupachika mshale kwenye uzi iwe milimita 12 juu ya usawa wa kilalio, yaani pale mshale unapolala kwenye mpini. Ikishuka mno, mshale hugonga kilalio na kuyumba juu-chini.