Kabla hujalipia mche, tazama kovu lake

Mche wa embe wa kubebesha una kovu. Liko kwenye shina, kama shibiri moja juu ya udongo wa kifuko, pale gome la chini na la juu yanapoungana. Chini ya kovu ni mwembe wa kienyeji uliooteshwa kwa kokwa ili upate mizizi ya nguvu. Juu yake ni kijiti kilichokatwa kwenye mwembe mzazi, uwe ngowe, boribo au apple, na hicho ndicho utakachokula matunda yake. Usipoliona kovu, huo ni mche wa kokwa, hata muuzaji aape vipi.

Naanza na hili kwa sababu lilinila miaka mitano. Nilinunua mche kando ya barabara hapa Kisauni, Mombasa, nikaambiwa ni apple, nikaupanda mbele ya dirisha la jikoni. Ukashika vizuri, majani tele. Kovu lilikuwapo, lakini sikujua kwamba machipukizi yanayotoka chini ya kovu hung'olewa yangali machanga. Yakakua mbio kuliko kijiti cha juu, yakakinyima jua, kijiti kikakauka nami nikiona mti umenawiri. Mwaka wa tano ukazaa: viembe vidogo, nyuzi tupu, vinanuka mafuta ya taa. Siku nilipoukata nililia.

Tangu hapo sinunui ila kwa mtu anayeweza kunionyesha mwembe mzazi, au naenda kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kule Mtwapa. Kila Jumamosi napitisha kidole chini ya kovu la kila mche mchanga, nikikuta jicho limechomoza nalivunja kwa ukucha.

Sasa aina. Ikiwa kiwanja chako ni kile cha futi 50 kwa 100 na nyumba imekula nusu, chagua ngowe. Mti wake hauwi mkubwa sana, tunda ni refu lenye mdomo uliopinda nchani, halina nyuzi, na huwahi msimu. Ubaya wake ni miwili: mwaka huu hujaa, mwaka ujao hupumzika, na ukichanua huingiwa na ukungu mweupe, ule unaofanana na unga, maua yakapukutika. Kwa hiyo upande palipo wazi, upepo upite, na upunguze matawi ya katikati baada ya mavuno. Apple ni tamu, la mviringo, sokoni Kongowea hugombaniwa, lakini mti hutanuka, na huo ukungu huuingia pia. Boribo ni la mwenye shamba. Ukiupanda karibu na ukuta, ukuta ndio utakaohama.

Kabla ya kununua chochote, onja maji ya kisima chako. Visima vyetu vingi vina chumvi, na ulimi ukizoea hausemi kweli, basi chemsha maji kidogo katika sufuria safi mpaka yakauke. Ukibaki utando mweupe mzito, usijisumbue na mparachichi wala mdimu, labda uwe na tangi la maji ya mvua. Panda mkomamanga au mkunazi, hiyo huvumilia. Mnazi pia, na ule mfupi wa pemba unatosha uani. Na kama una maji mazuri ukapanda mchungwa, usingojee machungwa yageuke rangi: usiku wetu una joto, ngozi hubaki kijani na ndani yameshaiva.

Shimo ndiyo kazi yenyewe. Chini ya karai chache za udongo, Mombasa ni jiwe la matumbawe. Kodi mtu mwenye mtaimbo, achimbe futi mbili kwenda chini na mbili kwa upana, na umsimamie, maana akifika kwenye jiwe atataka kuishia hapo. Shimo lisilovunjwa chini ni chungu: mizizi huzunguka humo mpaka mti ukadumaa. Weka udongo wa juu kando, uchanganye na debe moja la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, rudisha, uache wiki mbili au tatu. Panda mvua za masika zinapoanza, ardhi ikishalowa. Kovu libaki juu ya udongo, usilifukie.

Jambo moja naliomba sana: usimwage majivu kwenye mimea yako. Najua wazee wetu bara hufanya hivyo, na huko huenda udongo una uchachu, majivu yakafaa. Udongo wa matumbawe ni chokaa tayari, majivu huuzidishia. Kijana wa jirani aliniita, "Mama, hebu njoo umwone mdimu wangu." Majani machanga yalikuwa manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Ameulisha majivu ya mkaa miezi minne. Mti ulikuwa na njaa ya chuma, kwa kuwa kwenye chokaa mizizi haiwezi kukinyonya. Tuliufunika chini kwa samadi na majani makavu, akaacha majivu, na majani yaliyofuata yakatoka kijani.

Nzi wa matunda, huyu mgeni aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, hutaga ndani ya embe likianza kuiva. Okota kila tunda lililoanguka siku hiyohiyo, ulifukie futi mbili. Na ukiona maji moto, wale chungu wanaoshona majani, waache. Wanauma, lakini hufukuza wadudu wengi wanaonyonya mwembe na mnazi.

Chini ya mwembe panda mkilua. Ni kichaka cha misitu yetu ya pwani, hupenda kivuli, na ua lake nene linanukia mpaka kesho yake ndani ya kanga. Wataalamu wa mimea walipoupa jina mwaka 1970 walichukua letu lilelile: Mkilua.

Asumini inataka jua. Bibi yangu alikuwa nayo Kibokoni, ndani ya debe la mafuta ya kupikia juu ya dari, hana uani, na iliwatosha wanawake wa nyumba tatu. Chagua ile yenye petali chache, si ile iliyojifunga kama waridi. Hutungika kwa urahisi. Huna haja ya kununua: lalisha tawi la jirani ardhini, fukia kipande cha katikati, kibane kwa jiwe, mwagia maji, na baada ya miezi miwili hivi kata mche wenye mizizi yake. Maua hutoka kwenye matawi mapya, basi kila yakipungua kata ncha bila huruma.

Chuma vitumba vya asumini vikiwa vimefumba, vyeupe, kabla ya Maghrib. Vifunge katika kitambaa kilichoroweshwa, utunge koja baada ya swala. Kufikia Isha vitakuwa vinafunguka mkononi mwako.