Kusoma serikali ya Marekani kwa vitendo hai skulu: kwa wadogo zangu mliokuja juzi

Habari zenu wadogo zangu, na wazazi pia maana najua na nyie mnapitia hapa. Mimi nilifika Marekani nina miaka 17, natoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, na kule kusoma kwetu kulikuwa hivi: ticha anaandika ubaoni, tunanakili, tunakariri, siku ya mtihani tunatema, basi. Sasa nikaingia hai skulu, nikawekwa kwenye somo la gavamenti, na wiki ya pili ticha akasimama akasema "kuanzia leo nyinyi ni Kongresi", yaani bunge la Marekani, lenye nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Nilidhani Kiingereza changu ndo kimenidanganya. Kumbe kweli, meza zikasogezwa, watu wakapewa vyama, mimi nikaambiwa ni mwakilishi wa jimbo ambalo hata kulitamka sijui.

Siku hizi jioni nasaidia watoto wetu homuweki kwenye ukumbi wa kanisa, na naona wengi wanaanguka palepale nilipoanguka mimi, kwa hiyo ngoja niandike namna ya kulisoma hili somo.

La kwanza, namba zikariri, ndio, lakini jioni moja inatosha. Wawakilishi 435 wanakaa miaka 2, maseneta 100 wanakaa miaka 6, rais miaka 4, majaji 9 wa Mahakama ya Juu wanakaa mpaka wastaafu au wafe, kura za wajumbe wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo ni 538 na ukipata 270 wewe ndo rais, katiba imeandikwa Philadelphia 1787, ina marekebisho 27. Umemaliza. Usikae wiki nzima kwenye namba ukadhani unasoma gavamenti, maana darasa la vitendo halikuulizi zaidi "ni wangapi", linakuulizia mahali kitu kinapokwama na nani amekikwamisha. Na huko ndo kwenye utamu wenyewe.

Kwenye Kongresi yetu ya darasani kila mtu aliandika muswada, na mimi wangu ulikuwa wa basi. Shule yetu basi la mwisho lilikuwa linaondoka saa 9 alasiri, mazoezi ya mpira yanaisha saa 12 jioni, mama anafanya kazi shifti ya usiku hana namna ya kunifuata, kwa hiyo kila siku natembea, na theluji hiyo. Nikaandika muswada mzuri sana, kurasa mbili, kila wilaya ya shule iwe na basi la jioni. Nikaukabidhi. Siku tatu zikapita sijasikia kitu. Nikamuuliza mwenyekiti wa kamati, lile kundi dogo linalopitia miswada kabla haijafika ukumbini, kijana mmoja mpole tu, akaniambia bila hata kuniangalia, "sijaupanga." Hakuupinga, hakuusema vibaya, hakuupanga tu kwenye ratiba, na wiki ikaisha muswada uko chini ya lundo. Nilikasirika nikaenda kwa ticha kulalamika kwamba nimeonewa, akacheka, akasema hapo ndo umeelewa, miswada mingi sana ya kule Washington inafia kwenye kamati na hakuna hata anayeipigia kura.

Kwa hiyo wewe usifanye kama mimi. Kabla hujaandika hata mstari mmoja, jua muswada wako utaenda kamati gani na mwenyekiti ni nani, kaa naye wakati wa lanchi, mwulize yeye anataka nini. Halafu tafuta mtu wa chama cha upande wa pili aweke jina lake pamoja na lako, hata mmoja tu, maana muswada wenye majina ya vyama viwili ni vigumu kuutupa. Andika ukurasa mmoja. Na uijue njia ya dharura: kwenye Baraza la Wawakilishi la kweli, wabunge 218 wakisaini ombi maalum wanaweza kuutoa muswada kwenye kamati kwa nguvu uje ukumbini. Mimi hili nililijua baadaye, wakati tayari nilishapewa maksi. Darasani mkiwa wawakilishi 15, mnahitaji sahihi 8. Nenda kwa ticha na sahihi zako 8 uone atakavyotabasamu.

Kama mko 31 mpango mzuri ni huu: rais mmoja, wawakilishi 15, maseneta 15. Sio uwiano wa kweli lakini hesabu zinakaa vizuri. Seneti kura za kawaida ni 8, ila pale kuna ule mchezo wa filibasta, mtu anaweza kung'ang'ania mjadala usifungwe, na kuufunga kule kwa wenyewe kunahitaji 60 kati ya 100, kwa hiyo kwenu ni 9. Rais akikataa kusaini, kumshinda ni theluthi mbili kwenye kila nyumba, yaani 10 na 10. Mwambieni na rais wenu asijisahau: ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi, akikaa kimya na Kongresi bado iko kazini muswada unakuwa sheria wenyewe, ila kama Kongresi imeshafunga ikaenda nyumbani muswada unakufa. Rais wetu sisi alisahau makaratasi kwenye begi, sheria ikapita yeye hana habari.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji ticha, fanya nyumbani na wadogo zako. Chukua maharage 15 na punje za mahindi 10. Chora miraba 25 kwenye karatasi, mitano kwa mitano. Safu tatu za kushoto, zile za kwenda chini, jaza maharage, safu mbili za kulia jaza mahindi. Huo ndo mji wako, watu 15 chama cha Maharage, 10 chama cha Mahindi. Sasa ugawe wilaya 5 za uchaguzi, kila moja miraba 5 iliyoshikana.

Ukigawa kwa mistari ya kwenda chini, Maharage wanapata viti 3, Mahindi 2, sawa kabisa na idadi yao. Ukigawa kwa mistari ya kulala, kila mstari una maharage 3 na mahindi 2, Maharage wanabeba vyote 5. Haya, sasa kuwa mjanja. Mstari wa kwanza juu acha mraba wa kushoto kabisa, chukua minne iliyobaki, halafu shuka mmoja chini kona ya kulia: hapo una mahindi 3 maharage 2. Mstari wa chini kabisa fanya hivyohivyo, minne halafu panda mmoja kona ya kulia. Mstari wa pili chukua mraba wa pili, wa tatu na wa nne, shuka mstari wa tatu chukua wa nne na wa tano. Safu ya kushoto yote ni wilaya moja ya maharage matupu. Iliyobaki katikati ni wilaya ya mwisho, maharage 4 na hindi 1. Hesabu: Mahindi viti 3, Maharage 2. Watu 10 wamewatawala watu 15 na hakuna aliyeiba kura hata moja!

Nilipoonyesha hii ukumbini mzee mmoja wa Uvira, kule Kongo, alikaa kimya kidogo akasema "kumbe hata huku." Wenyewe wanaita gerimanda, jina limetoka kwa gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, ambaye 1812 alisaini ramani yenye wilaya iliyopinda kama mjusi. Ukienda kwenye mtihani na hii ya maharage kichwani huhitaji kukariri maana ya neno. Na kama ticha anakubali projekti za kujichagulia, peleka maharage yako darasani, usinunue mabango ya gharama.

Mahakama ya darasani nayo inawasumbua sana watoto wetu, na si kwa sababu ya Kiingereza. Ni adabu. Sisi tumelelewa mkubwa akiongea hukatizi na wewe ukiongea mbele ya wakubwa unamaliza hoja yako taratibu. Mahakama ya Juu sio hivyo, dakika 2 hivi za mwanzo wanakuachia, zikiisha tu jaji ameshakukata, anakuuliza swali la mbali kabisa, unajibu, mwingine anakukata tena. Niliona binti mmoja mwerevu sana amenyamaza kabisa kwa sababu alidhani wamemkasirikia. Hawajakukasirikia dada, ndo mchezo ulivyo. Dawa yake ni kutokuandika hotuba. Andika hoja tatu kwenye kikaratasi kidogo, halafu mpe ndugu yako kazi ya kukukata kila baada ya sentensi moja, mazoezi ya jioni mbili tu utazoea.

Kesi ya kuanzia ichukue ile ya Tinker, karibu kila ticha anaikubali na inawahusu nyinyi wenyewe. Desemba 1965, Des Moines, Iowa, wanafunzi walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam, Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13, kaka yake John 15, shule ikawasimamisha. 1969 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi, 7 kwa 2, ikasema mwanafunzi hapotezi uhuru wake wa kusema kwa sababu tu ameingia getini, mradi asivuruge masomo. Ushauri wangu, omba utetee shule. Ndio, upande ulioshindwa. Ukitetea wanafunzi utasema yale ambayo kila mtu anayasema, ukitetea shule inabidi ufikirie hasa: ticha ana watoto 30, wawili wameanza kugombana kuhusu vita, afanye nini? Ukiweza hiyo wewe umeelewa kesi kuliko darasa zima.

Na ukipata C usilie. Kuna jamaa anaitwa Gregory Watson, 1982 akiwa mwanafunzi chuo kikuu cha Texas aliandika pepa kuhusu rekebisho la katiba lililopendekezwa 1789 kuhusu mishahara ya wabunge, likasahaulika halijapita wala kufutwa. Akapewa C. Akaanza kuandikia barua mabunge ya majimbo, moja moja, miaka kumi, na 1992 likapita, ndo rekebisho la 27. Chuo kilimbadilishia maksi kuwa A mwaka 2017. Miaka 35 lakini walimpa.

Hapa wazazi nisikilizeni vizuri maana sitanii. Darasani kutakuwa na uchaguzi wa kuigiza, mtoto apige kura, agombee, afanye kampeni, hakuna shida yoyote. Lakini kujiandikisha kupiga kura ya kweli, ya rais, Kongresi au jimbo, ni kwa raia tu. Kama ana grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, au bado ni mkimbizi, asijaze fomu ya kujiandikisha, hata kama mtu mwema amemletea shuleni, hata kama kule ofisi ya leseni za udereva wamemuuliza harakaharaka, na asitiki mahali popote panaposema "mimi ni raia" kama sio. Hilo kosa linaweza kumharibia uraia baadaye au kumfukuzisha nchini, na kusema "sikuelewa Kiingereza" mara nyingi hakusaidii. Kwa walio raia mambo ni mengine, majimbo mengi yanachukua hata wa miaka 16 au 17 kusaidia kazi vituoni siku ya kura, Minnesota kwa mfano ni kuanzia 16, na hakuna darasa la vitendo linalozidi hapo.

Halafu kama mama au baba anajiandaa na mtihani wa uraia, mtoto wa gavamenti ndo mwalimu wake. Walioomba kuanzia Oktoba 20, 2025 wana maswali 128 ya kusoma, wanaulizwa mpaka 20, wafaulu 12. Walioomba kabla wana yale 100 ya zamani, wanaulizwa mpaka 10, wafaulu 6. Mimi na mama tulikuwa tunaulizana jikoni anapika ugali, na akikosea ananiambia swali lako baya. Na mzazi akipata uraia mtoto wake hajafika 18, ana grinikadi na anaishi naye, mtoto naye kwa kawaida anakuwa raia hapohapo, kwa hiyo usichelewe kuomba.

Mwisho ni kazi ya kutoka nje, ticha wengi wanaitoa: nenda kwenye kikao cha kweli. Wengi wanakimbilia kumwandikia seneta. Sawa, andika, lakini utapata barua ya kompyuta. Nenda kwenye bodi ya elimu ya wilaya yenu au baraza la jiji, vikao viko wazi, mkazi kwa kawaida anaruhusiwa kuongea na haulizwi karatasi za uhamiaji, mara nyingi dakika 2 au 3. Unaandika jina kwenye orodha, sehemu nyingine mlangoni, nyingine ni mtandaoni kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo piga simu uulize.

Mimi nilikwenda na ile hadithi yangu ya basi. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima na nusu, nikaanza na kambini, nikaenda kwa mama na shifti ya usiku, nilipofika kwenye theluji taa nyekundu ikawaka na neno "basi" sijalitaja hata mara moja. Mwenyekiti akasema asante sana, anayefuata. Kwa hiyo wewe sentensi ya kwanza iwe jina lako na unachotaka: "Naitwa fulani, nasoma hapa, naomba basi la saa 12 jioni." Ndo uanze sababu, moja au mbili, maneno 250 yanatosha kama Kiingereza bado kizito. Chapisha nakala za kuwagawia wajumbe, uliza mapema ngapi, wengi watasoma ile karatasi wewe unavyoongea. Na vaa koti, vile vikao vinaisha usiku na basi hakuna.