Nakala ya hukumu: cheki haya kabla hujatoka masjala

Ukitaka nakala ya hukumu ya talaka au mirathi Tanzania, usitoe tu fotokopi, andika barua kwa mahakama iliyoamua kesi, weka namba ya shauri, lipia ada. Ukishapewa usiondoke kwanza jamani, soma pale chini, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka paandikwe kwamba ni nakala halisi, kuwe na tarehe, jina na cheo cha ofisa, sahihi yake na muhuri wa mahakama. Jina hakuna? Rudisha hapohapo, ikija kukataliwa ukiwa mbali utateseka sana. Kama inaenda nje ya nchi, muhuri wa mahakama pekee mara nyingi hautoshi, itapitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa huko inakoenda, na tafsiri uiulizie mapema.