Somo: Kumfundisha mtoto kusoma na kuandika nyumbani, kuanzia kwenye sauti

Somo hili linamfaa mtoto wa miaka 4 hadi 7. Andaa boksi tupu, mkasi, kipande cha mkaa, penseli na beseni la mchanga mkavu, ambao sisi wa Mtwara na Lindi hatuuhangaikii. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Akianza kupiga miayo, funga.

Hatua ya 1. Masikio kwanza. Apige makofi kwa silabi: ko-ro-sho, mu-ho-go, pwe-za. Kisha muulize "embe" linaanza na sauti gani. Usiharakishe hapa, hata ikichukua wiki mbili.

Hatua ya 2. Irabu: a, e, i, o, u. Aichore kila moja kwa kidole mchangani huku akiitamka.

Hatua ya 3. Konsonanti, kwa sauti yake, siyo kwa jina. Hapa wazazi wengi wanateleza. Mtoto aliyeambiwa b ni "be", akikuta b na a anasoma "bea", na kosa si lake. Anza na m kwa sababu inavutika: mmmm-a, ma. Ifuate k, halafu t. Konsonanti hizo 3 na irabu 5 zinatoa silabi 15, na tayari anasoma mama, kuku, kiti, tamu, mkate, mkeka. Ayamudu hayo ndipo uongeze s, n na l. Usifundishe b na d wiki moja, zinafanana mno.

Kila silabi iandike kwa mkaa kwenye kikadi cha boksi, halafu vichanganye. Tunalisisitiza hili: anayeimba ma-me-mi-mo-mu kwa mfuatano huenda amekariri wimbo tu. Mwonyeshe "mo" peke yake, kisha "ki", kisha "tu". Akikwama, arudi kwenye sauti, m… o… Nawe usimtajie upesi. Hesabu kimoyomoyo hadi tano.

Hatua ya 4. Kuandika. Penseli ishikwe kwa vidole vitatu. Kwenye b anashusha mstari kwanza ndipo tumbo. Kwenye d tumbo kwanza ndipo mstari. Silabi za mb, nd, sh, ny, ng' na mw zije mwisho.

Vya kuhesabia silabi viwe kokoto au vizibo vya soda. Korosho zenye maganda hapana: mafuta ya ganda yanababua ngozi na midomo.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka 5, s na 3 anaziandika zimegeuka. Ni tatizo?

Marahaba. Kwa umri huo ni kawaida. Mwekee nukta pale herufi inapoanzia, wala usimchape. Akifika miaka 8 bado anageuza na kusoma kunamshinda, mwone mwalimu wake, na mtoto apimwe macho na masikio.

Newala: Bibi yake anaongea naye Kimakonde tu. Tumzuie?

Msimzuie bibi. Hadithi na vitendawili vyake vinamnoa mtoto masikio. Akisoma "kalatasi", neno amelitambua, mwache aendelee. R na l mfundishe baadaye kwa jozi: kula na kura, kalamu na karamu.

Nachingwea: Anatumia mkono wa kushoto, babu yake hapendi.

Mweleze babu kwa heshima kwamba mkono huo haumzuii mtoto kuandika vizuri. Daftari lisogezwe kushoto kidogo, upande wa juu uelekee kulia, ili aone anachoandika na mkono usifute maandishi.